Kutoka Mulangoni Hadi Mupakani: Safari za Kwanza za Mama na Mutoto Muchanga Kasumbalesa



Watu wengi wanaijua Kasumbalesa kwa sababu ya makamio. Barabara ya taifa namba 1, ile inayoanza Banana kando ya bahari na kupita Kinshasa, inakuja kuishia hapa, kilometa karibu 90 toka Lubumbashi. Mbele yake ni Zambia. Shaba na kobalti ya Katanga inapita hapa kwenda kwenye bandari za mbali. Unga, mafuta ya kupikia, sabuni na mashini zinaingia. Mutu anayefika mara ya kwanza anaona mustari wa makamio, watu wa duane, wabadilisha feza na mafungu yao ya franka na kwacha, vijana wenye kusukuma kinga zilizobeba mizigo mirefu kupita vichwa vyao. Halafu anasema: «Hapa ni mahali pa kupita tu.»

Lakini watu wanakaa hapa. Wanajenga, wanaoana, wanazaa. Mwezi huu tutembee pamoja katika muji huu, tukifuata mama kijana mwenye kupapa mutoto wake wa kwanza. Safari zake ni fupi: mulangoni, kwenye kituo cha afya, kanisani, sokoni, mupakani. Hakuna anayeziandika katika kitabu cha duane. Lakini kila moja inaomba nguvu, na kuna moja ambayo ikikosa kufanyika kwa siku yake, nyumba nzima inaweza kulia.

HATUA KUMI ZA KWANZA

Katika jamaa nyingi za kwetu mutoto muchanga hatoki inje mpaka kitovu kianguke. Siku zile bibi yake anakuja, mara nyingine toka kijijini, mara nyingine kwa bisi toka Likasi ao Kolwezi. Anaosha mutoto, anapikia mama uji, anamufundisha namna ya kufunga kikwembe ili mutoto asiteleze. Kisha anarudi kwake, kwa maana naye ana shamba na wajukuu wengine.

Asubuhi moja mama anafungua mulango, mutoto mukononi. Jua linamugusa mutoto usoni, anakunja macho. Jirani anaita toka ngambo ya lupango:

— Mama, mutoto analala muzuri?

— Eyo, yaya. Yeye analala. Ni miye njo ninakosa usingizi.

— Njo vile kwetu shiye wote. Leta mutoto huku, weye uende kuoga.

Ile ni safari ya hatua kumi tu, toka mulango mpaka kwa jirani. Lakini musiidharau. Katika muji wa mupaka, mara nyingi bwana hayuko karibu. Mumoja ni shofere, anangoja katika mustari wa makamio siku nyingi. Mungine anafanya kazi ya zamu kwenye kampuni ya madini. Mama anabaki peke yake na kilio cha usiku. Wamama wengi wanalia bila sababu katika siku za kwanza, na kisha inapita. Lakini huzuni ikikaa zaidi ya majuma mawili, mama akikataa kula, akikosa hata hamu ya kuangalia mutoto wake, ule ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Haifai kumusema kwamba ni muvivu ao kwamba imani yake ni ndogo. Apelekwe kwa munganga.

NJIA YA KILO

Safari ya pili ni ya kupima kilo. Kila kituo cha afya kina siku yake. Wamama wanafika asubuhi mapema, wanakaa kwenye mabenchi, karti mukononi. Munganga anamuvalisha mutoto suruali ya kitambaa, anamutundika kwenye mizani. Mutoto anapiga mateke hewani, analia, na wamama wanacheka kwa maana wa kwao amekwisha kulia ao atalia sasa hivi. Kisha munganga anatia alama kwenye karti.

Mama mugeni anaogopa alama ile. Basi ajue hivi: mutoto anapunguka kidogo siku za kwanza, kisha karibu na juma la pili anarudia kilo alizozaliwa nazo. Watoto wengi wanafika mara mbili ya kilo zile karibu na mwezi wa tano, na mara tatu kwenye mwaka moja. Munganga anaangalia kama mustari wa karti unaendelea kupanda. Kilo za mutoto wa jirani hazihusu karti yako.

Kazi hii ya kupima watoto ina historia katika inchi yetu ya madini. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Kwanza ilichukua wanaume kwa muda mufupi, na kisha waliondoka. Kufikia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili njia: wafanyakazi wakae kambini miaka mingi, pamoja na wake na watoto. Kwa hiyo kampuni ikaanza kuhesabu na kupima watoto wa kambi. Haikuwa kwa upendo peke yake. Ilitaka wafanyakazi wa kesho. Mwaka 1967 mali za kampuni ile zilichukuliwa na serikali, na kisha jina Gécamines likajulikana kila mahali. Wazee waliokulia kambini wangali wanakumbuka lopitalo ya kampuni na foleni ya wamama. Leo kambi hazina nguvu kama zamani, na watu wengi wa Kasumbalesa hawana kampuni ya kuwaangalia. Hakuna bwana mukubwa anayekuja kuita mama kwa jina ili alete mutoto. Anaenda yeye mwenyewe, kwa miguu yake, kwa kupenda kwake. Kwa hiyo tumupatie heshima.

Kwenye njia ile ya kilo kuna tarehe za chanjo, na kila mama na kila baba azishike kichwani. Wakati wa kuzaliwa: chanjo ya kifua kikuu na matone ya polio. Juma la 6, juma la 10 na juma la 14: sindano ya kukinga pepopunda, kifaduro na magonjwa mengine, pamoja na matone ya polio. Mwezi wa 9: surua, ile wengi wanaiita rujole, pamoja na homa ya manjano. Chanjo hizi za kawaida zinatolewa bure.

Na tazama jambo la kupendeza: tarehe hizi zinatembea pamoja na furaha za mutoto. Karibu na juma la 6 mutoto anaanza kucheka akiona uso wa mama yake. Karibu na juma la 14 shingo inapata nguvu, kichwa kinasimama. Mama anayekwenda kwa tarehe hizo anaenda kila mara na mutoto mupya.

KANISANI

Kwa jamaa nyingi, inje ya kituo cha afya, safari kubwa ya kwanza ni kanisa. Mama anavaa kikwembe kizuri, mutoto anavaa kofia ya sufu hata kama jua ni kali. Wametodisti wanabatiza watoto. Makanisa mengine yanawaleta mbele kwa maombi na baraka. Namna yo yote, siku ile mama anarudi kati ya watu. Amekaa nyumbani majuma mengi, sasa wenzake wanamushika mukono, wanamuuliza jina la mutoto, wanamupokea mutoto toka mikono hata mikono.

Hapa mashauri matatu madogo. La kwanza, anayetaka kumushika mutoto aoshe mikono, na mwenye kikohozi asalimie kwa mbali. La pili, mama asikae karibu na vipaza sauti vya kwaya. Masikio ya mutoto ni mapya. La tatu ni kwa sisi wahubiri: mutoto akilia, tungoje kidogo na kuendelea. Mama akitazamwa vibaya juu ya kilio, juma lingine atabaki nyumbani, na wale tuliomutazama vibaya ndio tutauliza kwa nini haonekani.

SOKONI, KANDO YA BARABARA

Miezi inapita, feza inapunguka, mama anarudi kwenye meza yake ya soko. Mutoto anakuja naye. Asubuhi za mwezi wa 6 na wa 7 ni za baridi kali, mama anamufunika vizuri. Kufikia saa sita jua linachoma, na mavumbi ya makamio yanashuka juu ya nyanya, juu ya samaki, juu ya nyusi za mutoto.

Mavumbi haya si jambo la kucheka katika inchi ya madini. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi walioufanya kwa kupima mukojo wa watu wa Katanga. Waliokaa karibu na machimbo na viwanda vya madini walikuwa na kobalti nyingi kupita wale wa mbali, na watoto walionyesha nyingi kuliko watu wakubwa. Sababu moja inajulikana na kila muzazi: mutoto anatambaa chini, anashika bulongo, anatia vidole kinywani.

Mama wa soko hawezi kufunga barabara. Lakini anaweza kuchagua meza iliyo mbali kidogo na njia ya makamio, kutandika musala ao kikwembe safi chini ya mutoto, kumwosha mikono mara nyingi. Na baba anayetoka kwenye madini avue nguo za kazi na aoshe mwili mbele ya kumubeba mutoto. Mutoto anamukimbilia baba yake akiwa na furaha. Dakika tano za maji hazitaharibu furaha ile.

Na chakula? Mpaka miezi 6 maziwa ya mama yanatosha, hata siku za jua kali. Wanunuzi wengi watasema: «Mama, mutoto ana kiu, mupe maji.» Asiwasikilize. Maji machafu ndiyo mulango wa kuhara. Kisha miezi 6, mutoto anaanza kukaa na kunyosha mukono kwenye sahani ya mama. Ni wakati wa uji, ukichanganywa na kalanga zilizosagwa ao unga wa samaki wadogo, na majani ya lengalenga yaliyopondwa vizuri. Vyote vinapatikana soko lile lile. Maziwa ya mama yanaendelea.

MWEZI WA TISA MUPAKANI

Sasa tufike kwenye safari ile niliyosema inaweza kuliza nyumba.

Wamama wengi wa Kasumbalesa wanaishi kwa mupaka. Wanavuka asubuhi, wananunua unga ao mboga upande wa Zambia, wanarudi kuuza. Faida ni ndogo, na siku moja ya kukosa inaonekana katika sufuria. Mama mumoja wa muji wetu alikuwa na mutoto wa miezi 9. Siku ya chanjo ilianguka siku ile ile ambayo wanunuzi wake walikuwa wanangoja unga. Alikuwa amechukua feza yao mbele. Bwana wake alisema: «Mutoto hagonjwi, anacheza tu. Ataenda mwezi ujao.»

Maneno yale yanasikika ya akili. Lakini mwezi ujao una unga wake vilevile, na mwezi unaofuata pia. Na surua hailindi kalenda ya biashara. Kongo yetu inalijua jambo hili kwa machozi. Toka mwanzo wa mwaka 2019 mpaka mwezi wa 1 wa 2020, Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu watu zaidi ya 310,000 waliodhaniwa kuwa na surua katika inchi yetu, na zaidi ya 6,000 walikufa. Wengi wao walikuwa watoto wadogo. Wakati ule ule dunia nzima ilikuwa inazungumza Ebola, lakini surua iliua watu wengi kuliko Ebola ile. Ugonjwa huu unapita kwa pumzi na kikohozi. Na muji wa mupaka, watu wanaingia na kutoka kila siku toka majimbo na inchi mbalimbali, ni mahali unapopata njia haraka.

Mama yule alisimama mulangoni, karti mukono moja, feza ya watu mukono mwingine. Hakuwa muzazi mubaya. Alikuwa muzazi mwenye mikono miwili na kazi tatu. Jirani yake, yule yaya wa ngambo ya lupango, alimuona.

— Mama, kuko nini?

— Yaya, leo ni kilo, na leo ni mupaka.

— Leta karti. Leta na mutoto. Miye niko na wangu wa kupima. Weye endaka, lakini umunyonyeshe kwanza.

Basi jirani alienda na watoto wawili, mumoja mugongoni na mwingine mukononi. Mutoto alilia dakika mbili. Magaribi mama alirudi toka mupakani, akakuta mutoto analala, na ndani ya karti kuna tarehe mupya na muhuri. Usiku ule alimuonyesha bwana wake karti, naye aliitazama muda murefu. Alisema tu: «Mara ingine nitaenda miye.» Na kwa chanjo iliyofuata alienda. Wamama wa benchi walimucheka kwanza, kisha wakamusogezea nafasi.

Kumbukeni pia: surua inaomba dozi ya pili ili ulinzi ukamilike. Muulize munganga tarehe yake. Na mama anayevuka mupaka pamoja na mutoto abebe karti daima. Ikiwa mutoto atagonjwa upande wa pili, munganga wa kule atasoma karti ile hata kama hawasikilizani luga; pale nako watoto wanachanjwa juma la 6, la 10 na la 14.

HATUA YA KWANZA

Inafika siku mutoto anashika mguu wa meza, anasimama, anaachilia. Kelele inasikika lupango nzima. Lakini pale pale masumbuko yanaanza: «Wa kwangu alitembea na miezi 10. Wako je?»

Wamama, msiumizane kwa maneno haya. Mwaka 2006 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza uchunguzi juu ya watoto wenye afya katika inchi tano: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Waliona kwamba mutoto muzima anaweza kukaa bila kushikwa kati ya miezi karibu 4 na 9, na anaweza kutembea peke yake kati ya miezi karibu 8 na 18. Ni nafasi kubwa sana. Na watoto wengine wazima walitembea bila kupita kwanza katika kutambaa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo miezi 14 bila kutembea si haya, wala si uchawi wa shangazi. Lakini mutoto akipita miezi 18 bila kutembea, ao akipoteza jambo alilokwisha kulijua, ao asipogeuka akisikia sauti ya mama, msingoje: mupelekeni kwenye kituo, na wakiona ni lazima watawatuma Lubumbashi.

TUFANYE NINI?

Wapendwa, safari hizi za mama na mutoto zinagusa sisi wote.

Baba, ujue tarehe za karti kama unavyojua siku ya mushahara. Ukiwa katika mustari wa makamio, piga simu uulize: «Kilo ilikwenda namna gani?» Neno lile linamupa mama nguvu ya juma zima.

Vijana, binti na kijana pia, kubeba mutoto wa jirani nusu saa ili mama yake aoge ao alale ni kazi ya maana. Utajifunza jambo ambalo masomo hayakufundishi, na siku yako ikifika hutaogopa.

Wamama wa kanisa, mnapopanga zamu za kufagia na kupamba, pangeni pia zamu ya kuzunguka kwa wazazi wapya. Msiende na mikono mitupu, na msikae muda murefu. Osheni vyombo, chotea maji, ulizeni karti, mwende.

Makamio ya Kasumbalesa yana watu wa kuyahesabu mchana na usiku. Hakuna hata moja inayopita bila karatasi na muhuri. Mutoto wa miezi 9 naye ana karatasi yake moja ndogo. Kabla ya jua kuzama leo, fungueni sanduku, itafuteni karti ile, muangalie tarehe inayofuata. Kisha mupatane nyumbani nani ataenda.